Abiria 8 kwenye viti 14: utafiti wa korona ulimwona nani?

Wiki ya mwisho ya Machi 2020 nilisimama kwenye steji moja Nairobi nikiwa na daftari, nikihesabu abiria. Serikali ilikuwa imeamuru matatu ya viti 14 isibebe zaidi ya watu 8. Kondakta mmoja alinipigia hesabu mlangoni: kwa nauli ya shilingi 50, gari likijaa anapata 700. Sasa ni 400, na mafuta yanaenda yale yale. Ili arudi pale pale, kila abiria alipe karibu 88. Hapo bado ofisa wa trafiki, bado kuosha gari, bado mwenye gari anayesubiri chake jioni.

Kazi yangu ni utafiti wa uchukuzi wa mijini, na tangu mwaka ule nimesoma makala za korona na usafiri hadi macho yakauma. Zilianza na swali moja: chombo cha usafiri kinabebaje ugonjwa? Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020, na ndani ya miezi michache watafiti walionyesha kwamba kufunga safari kuliuchelewesha mlipuko ndani ya China kwa siku 3 hadi 5 tu, ingawa nje ya China kulipunguza sana idadi ya wagonjwa walioingia.

Utafiti wa kipindi hicho ninaourudia kila mara ni wa basi moja la mkoa wa Zhejiang, China. Januari 2020, watu 68 walipanda basi kwenda ibadani na kurudi, dakika 50 kila upande, kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile. Mmoja alikuwa mgonjwa. Wengine 23 waliambukizwa, wakiwemo waliokaa mbali naye. Waliokaa karibu na madirisha yanayofunguka walinusurika karibu wote. Nikiusoma nawaza matatu zetu mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi na manyunyu, kila dirisha limefungwa.

Baadaye swali likageuka: ugonjwa unabadilishaje safari? Aprili 2020 Google walianza kutoa ripoti za mienendo ya watu, Kenya ikiwemo, na makala zikafurika. Ripoti hizo zilitokana na simu zilizowashwa kumbukumbu ya mahali, na zilipima kila siku dhidi ya kipindi cha 3 Januari hadi 6 Februari 2020. Kwetu hicho ndicho kipindi cha watu kurudi kutoka ushago baada ya Krismasi na shule kufunguliwa. Ukipima kwa kipimo hicho, mwezi wa kawaida nao unaweza kuonekana umepungua. Miji yenye kadi za nauli, kama London na Seoul, iliweza kuhesabu kila aliyepanda. Sisi tulikuwa na ramani nzuri ya njia za matatu, iliyochorwa na mradi wa Digital Matatus tangu 2014, lakini ramani hiyo haisemi gari limebeba watu wangapi.

Ndiyo maana nilikwenda na daftari. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kufikia saa kumi alasiri wote walitaka kufika nyumbani kwa mpigo. Abiria 112 ambao zamani wangemalizwa na safari 8, sasa walihitaji 14. Ndani ya gari palikuwa na nafasi. Nje, foleni ilikuwa bega kwa bega. Nilisimama ndani ya foleni ile nikapata hofu ambayo sijawahi kuisoma kwenye grafu yoyote.

Mkondo wa sasa umehamia kwenye watu kufanyia kazi nyumbani badala ya ofisini, njia za baiskeli za Paris na Bogotá, na hasara za mashirika ya treni. Ni maswali ya haki kabisa. Linalonikera ni makala zinazouchukua mshuko wa idadi kwenye vituo na kusema watu walibaki nyumbani. Kwa mwenye kompyuta na mshahara wa mwezi, sawa. Mfua nguo wa Kibera anayefanya kazi Kilimani hakubaki nyumbani. Nauli ilipopanda, alitembea. Kwenye data ametoweka kituoni, na mtafiti aliye mbali anamwandika miongoni mwa waliotulia majumbani.

Magari yaliruhusiwa kujaza tena Agosti 2021. Siku hizi nawapeleka wanafunzi barabarani alfajiri, wawaulize wanaotembea kwa miguu walivyokuwa wakienda kazini kabla ya korona. Mama mmoja, viatu vya kazini mkononi ndani ya mfuko wa plastiki, alijibu bila kusimama: “Nilikuwa napanda gari. Nikaanza kutembea wakati ule wa watu wanane, na hadi leo natembea.”