Kurekebisha hati ya madai si kubadilisha kesi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama nikisubiri shauri letu liitwe. Pembeni yangu kijana mmoja alikuwa anamtuliza shangazi yake. Shangazi ameshika nakala ya hati ya madai aliyoikunja mara nne, na ndio kwanza ameanza kuyaona makosa yaliyomo. Namba ya kiwanja imeandikwa 47 badala ya 74. Ndugu wa muuzaji, aliyepokea sehemu ya fedha, hakutajwa kabisa. Na yale matusi aliyotukanwa mbele ya majirani, ambayo ndiyo anayaanza kila akisimulia habari hii, hayamo hata kwa mstari mmoja. Kijana akamwambia, "Usihofu shangazi, yote hayo tutarekebisha. Kesi inabadilishwa muda wowote kabla ya hukumu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na si kwa wananchi peke yao. Kijana hakusema uongo. Alichukua kanuni ya kweli, akaipa jina lisilo lake, na jina hilo likampeleka mahali ambapo kanuni haifiki.

Maana yenyewe ni fupi. Katika shauri la madai kila upande huweka maneno yake kwa maandishi: mdai huleta hati ya madai, mdaiwa hujibu kwa hati ya utetezi, na mara nyingine mdai huleta majibu ya utetezi huo. Wadaawa, yaani pande zote mbili za shauri, hufungwa na maandishi hayo. Ushahidi unaokwenda nje yake haumsaidii aliyeuleta, na hakimu hampi mtu nafuu ambayo msingi wake haumo kwenye hati. Kurekebisha ni kuyagusa maandishi hayo yakiwa yameshapokelewa mahakamani, kwa kibali cha mahakama, ili yaonyeshe ugomvi uliopo kama ulivyo. Kwa Tanzania Bara, kuanzia Mahakama ya Wilaya hadi Mahakama Kuu, kanuni iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya VI, kanuni ya 17. Mahakama inaweza, katika hatua yoyote ya shauri, kumruhusu yeyote kati ya wadaawa arekebishe hati yake kwa namna na masharti yaliyo ya haki. Marekebisho yanayofanywa ni yale yanayohitajika ili maswali halisi wanayobishania yaamuliwe.

Hapo ndipo kijana alipolipata "muda wowote" lake. Hakuisoma nusu ya pili, inayotaja maswali halisi wanayobishania. Kwa maoni yangu, kosa lake lilianzia kwenye neno kabla ya kufika kwenye sheria.

Tunayo maneno matatu ambayo watu huyatumia kana kwamba ni moja: kurekebisha, kusahihisha na kubadilisha. Yote matatu asili yake ni Kiarabu, lakini hayakutoka nyumba moja. Rekebisha limetoka kwenye mzizi wa kupanda na kupandisha, kupachika kipande juu ya kipande mpaka kikae. Mzizi huo huo ndio uliotupa merikebu, chombo kinachopandwa. Anayerekebisha ana kitu tayari mkononi. Kazi yake ni kukifanya kikae sawasawa mahali pake. Fundi akirekebisha mlango uliokaza, anapiga randa, anasogeza bawaba, na mlango unabaki ule ule. Sahihisha limetoka kwenye sahihi, yaani kitu kizima, kisicho na ugonjwa. Mwalimu anasahihisha daftari: jibu lilikuwa moja tangu mwanzo, mwanafunzi ndiye aliyelikosa. Badili ni ndugu wa badala na mbadala. Kimoja kinatoka, kingine kinakaa mahali pake. Fundi akibadilisha mlango, ule wa kwanza unakwenda stoo.

Mtu atasema huku ni kuchambua maneno kupita kiasi, kwa kuwa mtaani tunaelewana. Lakini Katiba yetu yenyewe imeyapanga maneno haya. Ibara ya 98, inayohusu namna Bunge linavyobadilisha Katiba, imelifanya kubadilisha kuwa neno mama, halafu ikaeleza kwamba ndani yake mna kurekebisha, kusahihisha, na pia kufuta masharti na kuweka mengine badala yake. Aliyeandika Ibara hiyo alijua kwamba kurekebisha ni chumba kimoja tu cha nyumba ya kubadilisha. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2011 iliyoanzisha mchakato wa kupata Katiba mpya kabisa iliweza kuitwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba bila jina hilo kukosea. Bunge linaweza kuingia vyumba vyote vya nyumba hiyo. Mdai aliye mbele ya hakimu, akishika kanuni ya 17, amefunguliwa hicho kimoja.

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na hati nyingi zaidi zinaandikwa kwa lugha tunayootea ndoto. Hilo nalifurahia kwa moyo wote. Kwa sababu hiyo hiyo naona maneno haya yanahitaji kulindwa sasa. Zamani aliyechanganya alichanganya kwenye mazungumzo, na hati ilibaki kwa Kiingereza. Sasa ukiandika kwenye ombi lako "naomba kubadilisha hati ya madai," mwenzako wa upande wa pili anaweza kusimama na kusema mdai anaomba kuleta shauri lingine, na maneno yako mwenyewe yatakuwa upande wake.

Tofauti hii haikuletwa na Kiswahili. Mahakama zimeishi nayo miaka mingi. Kanuni yetu ni mjukuu: ilizaliwa Uingereza katika mageuzi ya mahakama ya karne ya kumi na tisa, ikapita kwenye Sheria ya India ya 1908, ambayo ilitumika Tanganyika, kisha ikakaa kwenye sheria yetu wenyewe ya 1966. Majaji wa kizazi cha kwanza walikuwa wakarimu. Katika shauri la Cropper na Smith la mwaka 1884, Jaji Bowen alieleza kwamba kazi ya mahakama ni kuamua haki za wadaawa, wala si kuwaadhibu kwa makosa waliyoyafanya katika kuendesha mashauri yao. Ukarimu huo ulifika kwetu. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa ya Eastern Bakery na Castelino iliyotoka Uganda, ilisema marekebisho yanayoombwa kabla ya usikilizwaji yaruhusiwe bila ubahili ikiwa hayamletei mwenzako dhuluma. Tena hakuna dhuluma pale ambapo hasara yake inafidiwa kwa kulipwa gharama. Shauri hilo bado linatajwa mahakamani mpaka leo.

Lakini majaji wa kizazi hicho hicho cha kwanza walijenga ukuta. Mwaka 1887, katika shauri la Weldon na Neal, mama mmoja alikuwa amefungua madai ya kashfa. Baadaye akataka kuongeza madai ya shambulio, ya kufungiwa kinyume cha sheria na mengineyo. Siku alipofungua shauri madai hayo yalikuwa hai. Siku alipoomba kuyaongeza, ukomo wa muda, yaani muda ambao sheria inamruhusu mtu kudai, ulikuwa umeshapita. Akakataliwa, kwa sababu marekebisho huhesabiwa kana kwamba yalikuwamo tangu siku shauri lilipofunguliwa, na kumruhusu kungekuwa kumnyang'anya mdaiwa kinga ambayo sheria imeshampa. Gharama hazifidii kitu cha namna hiyo. Kwa msimamo huo huo, mahakama hairuhusu shauri la aina moja ligeuzwe kuwa la aina nyingine. Na hapa kwetu mara nyingi imekataa mtu arekebishe hati ili kuziba tundu ambalo mwenzake ameshalionyesha kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla shauri lenyewe halijasikilizwa. Ukishawekewa pingamizi, kwanza lisikilizwe.

Kuhusu namna ya kuomba sina mengi. Unaweza kusimama na kuomba kwa mdomo, au ukaleta maombi yenye kiapo kama jambo ni zito. Mahakama inakupa siku, unaleta hati, na mwenzako anapewa nafasi ya kujibu upya. Ukizipitisha siku ulizopewa bila kuomba uongezewe, kibali kimekwenda. Wakenya wana njia nyepesi kidogo: Amri ya 8 ya kanuni zao za mwaka 2010 inamruhusu mtu kurekebisha hati yake mara moja bila kibali, kabla pande zote hazijamaliza kuleta hati zao. Nao wana desturi ambayo natamani ingekuwa yetu. Maneno yanayoondolewa yanapigwa mstari kwa wino mwekundu lakini yaachwe yasomeke, na yanayoongezwa yanapigiwa mstari mwekundu chini. Ukirekebisha mara ya pili, unatumia rangi nyingine. Ukiishika hati ya namna hiyo huhitaji kuelezwa kurekebisha ni nini. Mlango ule ule uko mbele yako, na unaona randa ilipopita.

Jambo moja linaumiza watu hata baada ya kibali kutoka. Hati iliyorekebishwa ikishapokelewa, ile ya awali haipo tena kwa kazi ya kuamua shauri, ingawa karatasi yake inabaki kwenye jalada. Hivyo ndivyo ilivyosemwa katika Warner na Sampson mwaka 1959, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeufuata msimamo huo. Nimewahi kumwona mdai aliyeleta kurasa mbili zenye aya mpya tu, akiamini zile za zamani zinaendelea kuhesabiwa. Ombi lake la riba lilibaki kwenye hati ya zamani, na siku ya kuandaa hoja zinazobishaniwa halikuwepo mahali popote. Hati iliyorekebishwa huandikwa nzima, tangu jina la mahakama hadi saini.

Turudi kwenye benchi. Kijana alikuwa bado anarudia kuwa yote yatarekebishwa, nikamwomba radhi kwa kuingilia, nikamwambia kwamba mkononi mwa shangazi yake yamo mambo matatu, na kila moja lina mlango wake. Namba ya kiwanja ni ya kusahihisha. Kiwanja chao ni kile kile, vidole vya mchapaji ndivyo vilivyoteleza, lakini Amri ya VII, kanuni ya 3, inataka mali isiyohamishika ielezwe kiasi cha kutambulika, na hukumu ya kiwanja namba 47 haitamwingiza mtu kiwanja namba 74. Usahihishaji huo unapita kwenye kanuni ya 17, na kabla ya shahidi wa kwanza kupanda kizimbani ni mara chache kukataliwa. Ndugu aliyepokea fedha ni wa kuongeza. Kwanza ombi la kumwingiza kama mdaiwa, chini ya Amri ya I, kanuni ya 10, na likikubaliwa ndipo hati irekebishwe ionyeshe alifanya nini.

Matusi ndiyo yaliyokuwa magumu kumwambia. Nilimuuliza shangazi ilikuwa lini, akasema huu ni mwaka wa tano. Madai ya kashfa yana ukomo wa miaka mitatu, wakati ya mkataba yana sita na ya kurejesha ardhi kumi na miwili. Dai lake la kiwanja liko salama. La matusi lilikuwa limeshakufa hata kabla hati hii haijaandikwa, na kibali cha kurekebisha hakilifufui. Kijana akauliza kama wanaweza kuiondoa kesi yote waifungue upya wakiwa wamelitia. Nikamwambia huko sasa ndiko kubadilisha kesi, na kuna mlango wake, Amri ya XXIII. Lakini akiiondoa bila kupewa ruhusa ya kurudi, mlango unafungwa nyuma yake. Hata akiruhusiwa, ukomo wa muda utahesabiwa kana kwamba kesi ya kwanza haikuwahi kufunguliwa.

Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akaikunjua hati, akaniomba kalamu aandike 74 juu ya 47. Nikamsihi asiiguse, kwa kuwa nakala iliyo kwenye jalada na ile iliyo kwa mdaiwa zote bado zinasema 47. Shauri lake lilikuwa la kutajwa tu asubuhi ile. Nikamwambia kijana, wakiitwa, asimame aseme, "Mheshimiwa, tunaomba kibali cha kurekebisha hati ya madai, aya ya 4, kuhusu namba ya kiwanja." Akairudia mara mbili kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza alisema kubadilisha. Mara ya pili akalipata.