Transjenda ni nani, na yule wa kwenye vichekesho ni nani

Juzi kwenye daladala ya Kirumba kuna dada alikuwa anaangalia klipu, mchekeshaji wa kiume kavaa dera na kilemba anagombana na mawifi, akamwonyesha mwenzake, "ona, hawa ndo transjenda". Gari zima likacheka. Nikamwambia hapana dada, hapo umechanganya, na nimeona niandike kabisa maana hii kitu inachanganywa mno na kuna watu wanaumia.

Mchekeshaji yule yuko kazini, kamera ikizimwa anavua dera anarudi kuwa baba fulani. Transjenda ni mtu ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa siyo ile anayojijua nayo, avae dera avae kaptula, awe kafanyiwa upasuaji au hajafanyiwa, hiyo haivuliki. Na siyo ugonjwa wa akili, Shirika la Afya Duniani lilishaitoa kwenye orodha hiyo 2019.

Halafu kuna wa tatu. Pale mwaloni yupo mama anashusha magunia ya dagaa, kanyoa kipara, shati la kiume kalifunga kiunoni, wanamwita jikedume. Nilimuuliza, akafuta mikono kwenye suruali akanijibu, "mi mwanamke bwana, gauni linanikamata miguu nikipita kwenye ubao". Huyo hafuati mazoea ya mavazi, basi, hajasema ni mwanaume.

Sasa ile T ya kwenye LGBTQ, ni ya transjenda. L, G na B (wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, na wanaopenda wote) zinahusu unampenda nani, T inahusu wewe ni nani, ndo maana transjenda anaweza kumpenda mwanaume au mwanamke kama mtu mwingine yeyote. Wamewekwa pamoja kwa sababu walikuwa wanakamatwa na kupigwa pamoja, kama Marekani kule New York, polisi walipovamia baa yao ya Stonewall Juni 1969. Mwaka uliofuata wanaharakati wawili wa upande wa T, Sylvia Rivera na Marsha P. Johnson, wakaanzisha kundi la kuwapa vijana wa mtaani pa kulala na chakula, lakini 1973 Sylvia alipanda jukwaani kwenye mkutano wa hao hao wenzake wa L na G akazomewa. Hiyo inaniuma kila nikiikumbuka, yaani umefukuzwa nje na ndani nako wanakuzomea.

Yule dada kabla hajashuka aliniuliza, sasa mtu kama huyo nimwiteje? Nikamwambia mwite jina alilokupa, na Kiswahili chetu kimeshakurahisishia, yeye ni yeye.