Kabla ya kufunga jipsamu, ulizia viungo vya waya

Zamani chumba kilikuwa na taa moja katikati. Fundi alishusha waya kutoka darini, akafunga holda, kazi ikaisha. Siku hizi sebule yenye dari ya jipsamu inaweza kuwa na spotilaiti 12, mkanda wa LED uliofichwa pembeni na feni juu. Mwenye nyumba huhangaika na rangi ya mwanga na bei ya taa. Ni wachache wanaouliza waya zimeungwa mara ngapi huko juu, na zimeungwa kwa kitu gani.

Kila spotilaiti ina angalau kiungo kimoja cha waya. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu hakidumu chini ya bati: mchana waya hutanuka kwa joto, usiku husinyaa, na gundi ya tepu hukauka. Kikishalegea, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, huongezeka na mahali pale hupata moto.

Taa za LED zenyewe si tatizo. Spotilaiti 12 za wati 7 ni wati 84, chini ya nusu ampea kwa umeme wetu wa volti 230. Balaa huja pale fundi anapoona uvivu kushusha laini nyingine, akaunga soketi kwenye laini hiyohiyo ya taa. Mtu akichomeka jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, karibu ampea 9 zinapita kwenye viungo vya darini. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu omu tu kitatoa takriban wati 40 za joto, sawa na pasi ya kulehemu ya fundi redio iliyowashwa na kuachwa juu ya mbao za kenchi. Na sakiti breka ya ampea 10 haitakata, kwa sababu yenyewe hupima wingi wa mkondo, na ampea 9 bado zipo ndani ya kiwango chake.

Ndiyo maana viungo vinapaswa kuwa ndani ya boksi lenye kifuniko, vimekazwa kwa konekta, na boksi lifikike bila kuvunja dari. Fundi akikwambia kwamba tepu nzuri inatosha, tafuta mwingine.

Jambo la pili ni breka yenyewe. Laini ya taa kwa kawaida hutumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Ukiwa ndani ya paipu, kwenye hewa ya nyuzi 30, waya huo hubeba takriban ampea 17. Lakini chini ya mabati, jua la Dar es Salaam, Tanga au Dodoma likiwa utosini, hewa ya darini inaweza kufika nyuzi 50, na hapo uwezo wa waya hushuka hadi ampea 12 hivi. Breka ya 10 inaulinda. Sasa breka ikianza kukatakata, kuna mafundi wanaoitoa na kuweka ya 20 “ili isisumbue”. Kuanzia siku hiyo waya wako hauna mlinzi.

Waya zipite ndani ya paipu za umeme tangu mwanzo hadi mwisho. Panya hutafuna kwa sababu meno yao ya mbele hayaachi kukua, na plastiki ya waya ni laini. Halafu kuna fremu za chuma za jipsamu: skrubu moja ikichoma waya ulioachwa wazi, fremu yote inaweza kuwa na umeme. Kwa hiyo taa zenye bodi ya chuma na fremu hizo ziungwe kwenye waya wa ardhi, na kwenye boksi la breka kiwepo kifaa cha RCD cha miliampea 30, ambacho hukata umeme unapovuja kuelekea ardhini. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara kwa mara. Kisipokata, hakifanyi kazi.

Swichi nayo ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, taa itazimika vizuri kabisa huku holda ikiendelea kuwa na umeme, na atakayebadilisha balbu atajua kwa kurushwa. Kwa vyovyote, kabla mtu hajapanda darini, zima meni swichi.

Kwa Tanzania, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwombe akuoneshe leseni kabla hujalipa malipo ya awali. Siku moja kabla ya jipsamu kupandishwa, piga picha kila chumba ukielekeza simu juu, zioneshe paipu na maboksi yalipo, kisha zihifadhi. Acha pia mlango wa darini unaomtosha mtu mzima. Mafundi wa jipsamu hupenda kuuruka kwa kuwa unaharibu urembo, lakini wewe ndiye utakayekata dari ukiukosa.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au doa la kahawia likajitokeza karibu na taa, zima meni swichi na umwite fundi. Ukiona moshi, usimwage maji wala usipande kuchungulia: toa watu nje na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.