Nakala ya Exchange iliyo nyuma siku 7 sio mbovu, iacheni

Admini wenzangu wa Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft), hii nakala ya databesi inayocheleweshwa makusudi bado inachanganya wengi, na inaniuma maana nimeshaona ikiuliwa na mtu mwenye nia njema kabisa.

"Tuna DAG (kundi la seva zinazotunza nakala za databesi moja), tuna nakala 3, tuko salama." Hii ndo dhana mbaya kuliko zote. Diski ikifa sawa, seva ikizima sawa, hata peji ya databesi ikiharibika kwenye diski moja Exchange inachukua peji isiyoharibika toka nakala nyingine inaziba. Lakini programu ikivuruga meseji ndani ya meilboksi za watu, kwa Exchange hayo ni mabadiliko halali tu, yanaandikwa kwenye logi (faili za kumbukumbu ya kila badiliko), logi inasafirishwa kwenda nakala zingine, na muda si mrefu nakala zote 3 zimeoza sawasawa. Nakala ya kuchelewa nayo inapokea logi hizohizo papo hapo ila haizimezi, yaani haiyaingizi mabadiliko yake kwenye databesi, mpaka muda uliopanga upite, mwisho ni siku 14, wengi wanaweka 7.

Sasa hapo ndo kuna dhana nyingine, eti ikibaki hiyo peke yake umepoteza imeili za wiki nzima. Hapana. Logi zipo palepale kwenye diski yake, kila moja MB 1, ukitaka zimezwe zote databesi inafika mpaka leo, utasubiri tu. Piga hesabu ya nafasi lakini: logi 5,000 kwa siku ni kama GB 35 kwa siku 7, na Exchange 2016 na 2019 diski ikibana zinaanza kuzimeza zenyewe, ukija kushtuka huna tena siku 7.

Ofisi moja niliyokuwepo, kijana wa zamu aliona CopyQueueLength (logi zinazosubiri kunakiliwa) 0 halafu ReplayQueueLength (logi zinazosubiri kumezwa) 34,000 na ushee, akajua imekwama, akaipakia upya toka nakala inayotumika. Foleni ikashuka, akafurahi, kumbe wiki nzima ya nyuma ndo imefutika na ilibidi tusubiri siku 7 zingine kurudi tulipokuwa. Ile foleni kubwa ndo ulinzi wenyewe jamani, andikeni hata karatasi mbandike pale kwenye skrini.

Bosi akifuta meseji moja usiiguse hii nakala, kuna sehemu ya vilivyofutwa, Exchange inavitunza siku 14 usipobadilisha. Na sio bakapu ya nje, aliyeiba akaunti ya admini ataifuta pamoja na zingine.

Siku ukiihitaji kweli: sitisha nakala kwanza, kopi databesi na logi zake zote pembeni, ndo uondoe logi zilizoandikwa baada ya saa ya uharibifu, kisha eseutil /r, amri ya kumeza logi zilizobaki. Ukiruka hatua ya kukopi na ukakosea saa, huna pa kurudia.