Mhitimu na ajira ya serikali: mahali maandalizi yanapopungua

Wahitimu wengi wanaoomba kazi serikalini hapa Tanzania hujiandaa kwa ajili ya siku ya mahojiano. Hiyo ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna maombi kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha usaili wa mchujo wa kuandika, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo.

Anzia kwenye vyeti. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haichukui nafasi ya cheti, na matokeo ya awali ya chuo hayachukui nafasi ya cheti cha kuhitimu. Vivuli vithibitishwe na wakili, barua ya maombi isainiwe. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na TCU (tume ya vyuo vikuu), NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) au NECTA (baraza la mitihani), kulingana na ngazi ya masomo. Majina nayo husumbua sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha sekondari Hamis, na kitambulisho cha taifa kina jina la tatu lisiloonekana kwingine. Tofauti ya namna hiyo hudai hati ya kisheria ya kubadili jina, na hati hiyo haifai kusubiri hadi siku ya kuitwa, kwa sababu mwombaji anaweza kurudishwa mlangoni hata kama kichwani yuko tayari.

Usaili wa kuandika ndipo elimu ya darasani inapodaiwa kufanya kazi. Chukua mfano wa mwombaji wa nafasi ya afisa maendeleo ya jamii aliyeulizwa: kikundi cha vijana kimeacha kurejesha mkopo wa halmashauri, utamshauri nini mkurugenzi? Jibu dhaifu hufafanua maana ya mkopo, likaorodhesha faida za vikundi, likaishia hapo. Jibu zuri huanzia kwenye sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo hiyo, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, chini ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kisha linasema nani atakwenda kukiona kikundi, ataangalia kumbukumbu zipi, atatofautishaje biashara iliyokufa na wanachama waliogawana fedha, na uamuzi uko mikononi mwa nani. Basi soma tangazo la kazi mstari kwa mstari. Kila jukumu lililotajwa ligeuze kuwa swali, ulijibu kwa kalamu.

Ujuzi ambao vyuo vingi havijaupa uzito ni kuandika dokezo, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi linalompa mkubwa wako maelezo ya suala ili aamue. Serikalini jambo huamuliwa kwa maandishi ndani ya jalada, na asiyeweza kuandika dokezo atategemea wenzake kila siku. Muundo wake si mgumu: linaelekezwa kwa nani, linahusu nini, chimbuko la suala, hali ilivyo sasa, hoja pamoja na gharama au kanuni inayohusika, halafu pendekezo moja lililo wazi. Aya hupewa namba ili mkubwa wako aweze kuandika “aya ya 3 nakubali”. Kosa la kawaida ni kueleza tatizo kurasa mbili bila kupendekeza lolote, hivyo jalada linarudi na wiki imekwenda. Barua za nje hutoka kwa jina la mtendaji mkuu wa taasisi, hata kama mwandishi ni wewe. Mtumishi mpya anayeandika kwa jina lake anaiingiza ofisi katika ahadi asiyo na mamlaka nayo. Ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, omba kukaa masijala, ofisi inayotunza majalada, japo siku chache. Ni kazi wanafunzi wengi huikwepa, ilhali ndiko unakoona jinsi suala linavyopokelewa, linavyopewa folio (namba ya ukurasa ndani ya jalada) na linavyopelekwa kwa mhusika.

Ukiajiriwa, miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Kazi zako utazijaza PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na msimamizi atazipima humo. Jaza kitu kinachohesabika: “kukagua vikundi 15 na kuwasilisha taarifa kabla ya mwisho wa robo”, badala ya “kusaidia shughuli za idara”.