“Bibi Angekuwa Anateswa, si Angesema?”

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafundisha wauguzi wa hospitali moja ya wilaya. Siku ya pili, saa nane mchana, watu wameshiba wali na feni inazunguka bila kuleta upepo. Muuguzi mmoja wa wodi ya wanawake, mzoefu, mtu ambaye ningemkabidhi mama yangu bila wasiwasi, akanyoosha mkono. “Sista, lakini mzee angekuwa anateswa nyumbani si angesema? Sisi tuko naye kutwa, anatuzoea. Angesema.”

Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Nimeisikia sentensi hiyo kila nilikopita, kwa walewale wenye huruma na kazi yao, na nimeshachoka kuijibu kwa upole.

Hasemi. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini nilipompokea bibi wa miaka 70 na kitu, ameletwa na mwanawe wa kiume. Kijana nadhifu, mpole, vyeti vya mama yake amevipanga vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Nikaamkia, nikauliza, “Bibi, umeumia wapi?” Akajibu kijana: “Ameteleza bafuni.” “Lini?” “Jana usiku.” “Dawa za presha anatumia?” “Anatumia vizuri.” Maswali yote niliyauliza nikimtazama kijana, maana ndiye aliyekuwa anajibu. Bibi alikuwa ameinama, anafungua na kufunga fundo la pindo la kanga yake. Mwanamke wa rika lile huweka hela zake kwenye fundo hilo. Lilikuwa tupu. Nililiona, sikuuliza. Nikaandika kwenye faili: ameanguka bafuni.

Ndani ya miezi mitano alirudi tena, na sisi tukaandika neno lilelile. Mara ya tatu mwana alikuwa safarini, kaletwa na jirani. Sijavuta hata kiti, akasema: “Mjukuu wangu, mimi sijaanguka hata siku moja.”

Bibi ni yuleyule na maumivu ni yaleyale. Aliyesimama pembeni yake ndiye aliyebadilika.

Kwa hiyo mtu akiniambia mzee angesema, namuuliza: angesema mbele ya nani? Mbele ya anayempikia, anayeshika hela yake, ambaye jioni ile watarudi wote kwenye nyumba moja? Kliniki ya wajawazito tuna methali yetu ya siku zote, mficha uchi hazai. Kwa mzee haifanyi kazi: yeye alishazaa, na uchi anaouficha ni wa huyo aliyemzaa. Wako walioniambia waziwazi, “Huyu ndiye atakayenizika.” Ukimfunga mwanawe, nani atamwaga udongo wa kwanza? Wengine wanaona aibu kwamba mtoto waliyemlea wenyewe ndiye kawa hivyo. Wengine hawajui kama kufungiwa ndani mchana kutwa kuna jina lolote zaidi ya uzee.

Halafu kuna jambo ambalo wauguzi wa mjini hulisahau: lugha. Bibi anaongea Kisukuma au Kihehe, wewe unaongea Kiswahili, na mkalimani ni msindikizaji. Umemwomba mtuhumiwa akutafsirie ushahidi.

Wenye takwimu waliliona hilo zamani. Utafiti wa jimbo la New York uliotolewa 2011 uliwauliza wazee wenyewe, kisha ukalinganisha na visa vilivyofika kwenye mamlaka. Kwa kila kisa kimoja kilichojulikana, karibu 24 vilikuwa havijulikani kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya 6 wenye miaka 60 na kuendelea hutendewa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Sasa hesabu vitanda vya wodi yako, halafu uniambie wangapi wamekwambia.

Dawa yangu ni moja na wanafunzi wangu wananitania nayo: mtume msindikizaji. Usimwambie “toka nje, nataka kuongea na mama peke yake”. Hapo umemtia mashaka, na usiku ule mzee ndiye atakayelipa. Mpe kazi. “Kaka, naomba upeleke hii maabara.” “Dada, dirisha la dawa lina foleni, wahi ukapange.” Akigoma kuondoka, na wapo wanaogoma, ambalo nalo uliandike, tumia heshima zetu wenyewe: “Nataka kumkagua vidonda vya kulalia, itabidi avue.” Sijamwona bado mtoto wa kiume aliyebaki chumbani mama yake akivuliwa nguo. Pazia likifungwa una dakika tano, nazo zinatosha. Kama lugha ni tatizo, tafuta mhudumu au muuguzi mwenzako anayeijua, mtu wa kutunza siri, asiye wa kijiji kimoja na familia ile.

Na maswali yasiwe ya polisi. Ukiuliza “unanyanyaswa?”, jibu ni “hapana, mwanangu, ananitunza vizuri.” Anza mbali. Nani anapika nyumbani? Ukiwa na njaa unapata chakula? Hela yako anashika nani? Kuna mtu amewahi kukuzuia kutoka, au kuja hospitali? Kuna mtu nyumbani unamwogopa? Madaktari wa Montreal walitengeneza mwaka 2008 kipimo cha maswali 6 ya aina hii, matano anaulizwa mgonjwa, la sita anajijibu daktari kwa alichokiona mwenyewe. Hilo la sita ndilo nalipenda kuliko yote, maana linamlazimisha mtaalamu ainue macho kutoka kwenye karatasi: usafi, nguo, vidonda, kukwepa macho, dawa zisizonywewa.

Kwenye mafunzo siku hizi slaidi nimezipunguza. Wanakaa watatu watatu: mmoja mzee, mmoja mwana mwenye kujibujibu, mmoja muuguzi. Mimi nashika kalamu na kuhesabu kitu kimoja tu, muuguzi amemtazama mzee mara ngapi. Juzi yule muuguzi mzoefu niliyemtaja alifika mara mbili kwa dakika nne. Mara moja ilikuwa ya kumfunga kifaa cha presha. Alipoambiwa alinyamaza, kisha akaomba arudie.

Haya, sentensi nyingine ninazozisikia kwa wauguzi nazipitia haraka.

“Ngozi ya mzee huvilia damu kwa kitu kidogo.” Kweli, na ndiyo maana uangalie mahali. Laura Mosqueda na wenzake huko California walifuatilia wazee 101 kila siku, wakatoa matokeo 2005: karibu asilimia 90 ya alama za bahati mbaya zilikuwa mikononi na miguuni. Shingoni, masikioni, sehemu za siri, makalioni na nyayoni hawakukuta hata moja. Utafiti wa 2009 kwa wazee waliothibitika kupigwa ulikuta alama kubwa, nyingi zaidi ya sentimita 5, hasa usoni, mgongoni na upande wa nje wa mkono wa kulia. Na acheni kukadiria siku kwa rangi. Ule wa 2005 uliona manjano hata kwenye alama ya siku ya kwanza, kwa hiyo “hii ya zamani, imeshakuwa njano” ni kubahatisha.

“Anasahausahau, maneno yake si ya kuaminika.” Anayesahau kama jana alikula ugali au wali anaweza kukumbuka vizuri sana nani alimvuta mkono. Andika alichosema, kisha mwangalie anavyojikunja mtu fulani akiingia. Na jua kwamba mwenye ugonjwa wa kusahau yuko hatarini zaidi ya wengine, kwa sababu kila mtu amejiandaa kutomwamini.

“Hajapigwa, kwa hiyo hakuna ukatili.” Wengi ninaowaona hawana hata mkwaruzo. Wana vidonda vya kulalia vilivyofika mfupani, kucha zilizokunjamana, midomo mikavu, presha 210 huku kopo la dawa likiwa na vidonge vilevile vya mwezi jana. Mimi huhesabu vidonge. Nifanye hivyo mbele yako utaona ni kichaa, lakini kopo halijawahi kunidanganya. Halafu hela. Zanzibar ilipoanza kulipa Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, fedha ile iliwekwa iwe ya mzee mwenyewe, awe alifanya kazi ya ajira au la. Kumuuliza mzee “pensheni ikitoka unaipokea wewe?” ni swali la kitabibu kama kumuuliza choo. Asiyeshika hela yake hanunui dawa wala hapandi bodaboda kuja kliniki.

Hii inayofuata nikiisikia kwa muuguzi nakosa adabu. “Bibi yule macho mekundu, watu wanasema…” Wanasema nini? Wewe umesomea macho. Mwanamke aliyepikia kuni na samadi miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha macho yatakuwa meupe kwa muujiza gani? Weka moshi, weka vikope, weka mtoto wa jicho asiyewahi kutibiwa. Shinyanga, Mwanza, Geita, wazee wamekatwa mapanga kwa neno “mchawi”, linaloanza kama mzaha, na upande wa Kenya watu wa Kilifi na Kisii wanaijua hadithi hiyohiyo. Neno la muuguzi lina uzito kuliko la kijiweni. Kwa hiyo toa utambuzi kwa sauti, msindikizaji asikie: “Macho haya yameharibiwa na moshi, tunayatibu.” Na mzee akikwambia kwamba kwao ameanza kuitwa mchawi, usingoje apate jeraha. Hiyo ni hatari ya kifo, na ustawi wa jamii na polisi wajue siku hiyohiyo.

“Anayemtesa mzee ni mtu katili.” Wapo makatili. Wapo pia wakwe waliochoka, mwaka wa tatu wanamgeuza mtu wa kiharusi kitandani peke yao, hawajawahi kuonyeshwa jinsi ya kumgeuza, shemeji zao wote wako Dar wanatuma salamu. Huyo ukimfundisha, ukamtafutia wa kupokezana naye, mara nyingi umewaokoa wawili. Bado mzee anahojiwa peke yake. Uchovu wa mkwe haufuti alama za vidole.

“Sisi wauguzi hatumo.” Tumo. Katika tafiti zilizokusanywa na Shirika la Afya Duniani, wafanyakazi wawili kati ya watatu wa taasisi za kutunza wazee walikiri kuwa ndani ya mwaka mmoja waliwahi kumtendea mzee ukatili wa aina fulani. “Si nilikwambia uombe choo mapema?” mbele ya wodi nzima, kwa mtu wa umri wa babu yako ambaye alikuita saa nzima na wewe hukuja, ni nini? Kibandiko cha “wazee kwanza” pale dirishani hakimfuti mtu machozi ya saa nane usiku.

“Nikiripoti nitavunja familia.” Hii angalau ina woga wa kweli ndani yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee wa miaka 60 na haki yake ya kulindwa, na Zanzibar ina sheria yake ya masuala ya wazee tangu 2020, lakini muuguzi aliye zamu peke yake hatafuti sera, anatafuta mtu wa kumpigia. Ni afisa ustawi wa jamii. Namba yake iwe ukutani, si kwenye simu ya matroni aliyeko likizo. Mwenye akili timamu muulize anataka nini, na akikataa asiburuzwe. Mpe tarehe ya karibu ya kurudi na mlango uwe wazi. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Usimvae mwanawe. Kama kurudi nyumbani leo ni hatari, mwombe daktari amlaze. Presha ile ya 210 ni sababu tosha na hakuna atakayeuliza. Majeraha ya kupigwa yanataka PF3, ile fomu ya polisi, lakini mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza, fomu inafuata.

Na faili. Mwaka ule mimi niliandika “ameanguka”, neno la mwana kwa mkono wa muuguzi, na halikuwa na faida yoyote kwa mtu aliyelisoma baadaye. Hivi ndivyo ninavyotaka iandikwe: “Mgonjwa, akiwa peke yake, amesema: ‘Alinisukuma nikagonga ukuta.’ Alama ya damu kuvilia, sentimita 7 kwa 4, mgongoni kulia, imechorwa kwenye mchoro wa mwili. Mwanawe amesema: ‘Ameteleza.’ Afisa ustawi amejulishwa saa 10:20 jioni.” Jina, saini, saa. Kisha uyaseme kwenye makabidhiano ya zamu, kwa sauti ya chini na mbali na kitanda, maana anayeingia usiku ndiye atakayemkuta mwana amerudi, mpole vilevile, na chupa ya uji mkononi.