Foleni ya Kliniki Huanza Siku Unapopewa Kadi

Kliniki nyingi za shinikizo la damu na kisukari humpa mgonjwa tarehe ya kurudi bila kumwandikia saa. Mgonjwa naye anajua anayetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza, basi hudamka, hupanda matatu ya mapema kutoka Kayole au Kawangware jijini Nairobi, na saa kumi na mbili alfajiri yuko langoni. Wenzake wamewaza vivyo hivyo. Daktari anapomaliza kuzungukia wodi saa tatu, benchi zimejaa na wengine wameegemea ukuta.

Tupige hesabu. Wagonjwa 40, daktari mmoja, dakika 10 kwa kila mmoja: kazi ya saa 6 na dakika 40. Wa mwisho anatoka saa tisa na dakika arobaini alasiri, pengine hajatia kitu kinywani tangu jana usiku. Sasa waandikie hao hao saa za kufika, sita kila saa. Daktari ni yule yule na atamaliza wakati ule ule, lakini wengi hawatakaa kwenye benchi hata saa nzima. Kinachotakiwa ni karani kuandika saa kwenye kadi, nasi watoa huduma kuiheshimu.

Hata hivyo, tusijaze kila dakika. Tangu Agner Krarup Erlang wa Denmark alipochapisha hesabu zake za foleni za simu mwaka 1909, tunajua kuwa kazi ikiongezeka kidogo, kusubiri kunaweza kuongezeka maradufu. Kwa daktari mmoja anayepokea wagonjwa wasio na miadi, kila mmoja kwa wastani wa dakika 10, akishughulika asilimia 80 ya muda wake, mgonjwa husubiri kama dakika 40. Ikifika asilimia 90, ni dakika 90. Ikifika 95, ni zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo msimamizi akimwona daktari ametulia robo saa, asikimbilie kumrundikia majina. Nafasi hiyo ni ya mtoto mwenye homa kali ambaye hakuna aliyemtarajia.

Wodini mambo ni hayo hayo. Mgonjwa ameruhusiwa asubuhi, lakini dawa za kwenda nazo hazijatoka na bili haijafungwa. Jioni bado yuko kitandani, huku kasualti, yaani idara ya dharura, mgonjwa mwingine amelazwa kwenye machela akingoja kitanda hicho. Karatasi zikiandaliwa jioni ya kuamkia siku ya kuruhusiwa, kitanda hupatikana kabla ya adhuhuri.

Tunawahimiza watu waanzie kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na 3, kabla ya kwenda hospitali ya rufaa. Ushauri huo ni sahihi, lakini simlaumu mama aliyekwenda zahanati ya mtaani akakosa dawa, kisha safari iliyofuata akaenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Kenyatta. Dawa zikiwepo karibu, atarudi karibu.

Nawe ukipewa kadi ya kurudi, uliza saa. Ukijua hutafika, piga simu mapema ili mwingine apewe nafasi yako.

Maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, kutokwa na damu wakati wa ujauzito, degedege: haya hayangoji miadi wala barua ya rufaa. Nenda hospitali iliyo karibu mara moja. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.